Muulize Anko wa Porini: dume niliyemkosa bado ananijia usiku

Januari kila mwaka meseji zinakuja za aina moja. Waliopata dume mkubwa walishaposti picha tangu Novemba, wamepiga magoti wameshika pembe wanacheka mpaka jino la mwisho, sasa waliokosa ndo wanaanza kuniandikia, tena wengi usiku wa manane, naona saa ya meseji inasema 2:47 na mtu kesho ana shifti. Kwa wasomaji wa nyumbani ambao hamjui tunaongelea nini: ni dia, wale wa mkia mweupe wa Marekani. Kamusi zingine zinamwita kulungu lakini kulungu wetu wa Afrika ni mnyama mwingine kabisa, kwa hiyo hapa namwita dia kama Waswahili wa huku wanavyomwita. Twende.

Habari yako Anko. Mimi ni Mkenya niko Brooklyn Park, Minnesota, huu ni mwaka wangu wa tatu kuwinda na upinde, jamaa wa kazini ndo walinifundisha. Tarehe nane Novemba asubuhi nikiwa kwenye stendi, kile kikiti cha mwindaji kinachofungwa juu ya mti, akatokea dume mi sijawahi ona, pembe ncha kumi, nyeupe kwa ncha kama zimepigwa rangi, ile ya kushoto ilikuwa na kachipukizi kadogo pale chini karibu na jicho, na upana ulikuwa unapita masikio. Alikuja mpaka yadi 22, nilikuwa nimepima ule mti aliosimama karibu nao. Nikavuta, nikaachilia, mshale ukapita juu ya mgongo wake kabisa ukaingia kwa majani. Mshale niliupata msafi kama ulivyotoka dukani. Hapa nyuma ya nyumba kwa yadi 20 napiga kikombe cha chai, Anko! Nilikosea wapi? Na hii video ya kichwani itaacha kucheza lini?

Pole sana ndugu yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili na jibu umeniandikia mwenyewe bila kujua. Angalia: umenieleza ncha kumi, umenieleza rangi ya ncha, umenieleza mpaka kachipukizi ka pembe ya kushoto karibu na jicho. Haya sasa niambie, ile pini ya upinde, kale kaalama ka kulengea, uliiweka wapi kwenye mwili wake? Nyuma ya bega? Katikati ya ubavu? Hujaandika, na sidhani umesahau kuandika, nadhani hukuiweka popote. Ulikuwa unatazama pembe, na mkono unafuata jicho, ndo maana mshale ukaenda juu, pembe ziko juu.

Hilo ni la kwanza na ndo kubwa. La pili ni hesabu kidogo. Upinde wa kisasa wa kompaundi, ule wenye magurudumu, unatupa mshale futi kama 280 kwa sekunde, sauti yenyewe inaenda futi kama 1,100. Kwa yadi 22, yani futi 66, mlio wa uzi wako unamfikia dia mapema sana na mshale bado uko njiani karibu sehemu mbili za kumi za sekunde. Ni kidogo, lakini kwa dia inatosha, na yeye hakimbii moja kwa moja, kwanza anachuchumaa, anakunja miguu ili apate nguvu ya kuruka. Ule mgongo unashuka inchi kadhaa. Sasa mtu umeshapiga juu kidogo sababu ya pembe na mnyama naye ameshuka, hapo mshale unapita hewani na wewe unabaki unashangaa. Kikombe chako cha chai nyuma ya nyumba hakijawahi kuchuchumaa.

Cha kufanya mwakani. Akishaingia kwenye umbali wako na umeshaamua kwamba huyu ndiye, pembe zimekwisha, usiziangalie tena. Tafuta unyoya mmoja. Sio ubavu, sio bega, unyoya mmoja, au kivuli kidogo, au tope lililoganda, pale nyuma ya bega theluthi moja ya kimo cha kifua kutoka chini, ukae nao huohuo mpaka mshale uingie. Ukilenga chini kidogo hivyo, akisimama tuli unapata moyo, akichuchumaa unapata mapafu. Na kama anatembea, fanya "mehh" na mdomo kama mbuzi, atasimama, lakini uwe umeshavuta upinde kabla ya hiyo mehh maana akisimama anakutafuta kwa macho.

Kuhusu video ya kichwani sikudanganyi, mi nina moja ya miaka kumi na moja na bado inacheza, kwenye jibu linalofuata utaiona. Ila wewe mshale wako ulikuwa msafi. Soma barua ya tatu hapo chini kutoka Iowa, utaona kuna watu wangelipa hela wapate mshale msafi.

Anko shikamoo. Mimi sio mwindaji, mimi ni mke wa mwindaji, tupo Lancaster, Pennsylvania. Naomba unisaidie maana nyumba imekuwa msiba. Wiki ya mwisho ya Novemba mume wangu alikuwa porini, mi saa mbili kasoro asubuhi nikampigia kuuliza funguo ya gari kaiweka wapi maana nilikuwa nachelewa kazini. Kumbe simu ilikuwa kwenye mtetemo na aliiweka kwenye ile sahani ya chuma ya stendi anayokanyaga, ikanguruma kama mashine ya kusaga, na dume alikuwa anakuja. Dume akageuka. Tangu siku hiyo mume wangu hanilaumu kwa mdomo lakini ananilaumu kwa macho, na juzi usiku nimemsikia anasema "simama, simama" na amelala. Nikimwambia baba fulani, si mnyama tu, ndo anazidi kuninunia. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Kwanza hilo neno "si mnyama tu" lifungie kabatini mpaka Machi. Ni kweli ni mnyama tu, lakini kwake ni miezi, ni asubuhi za kuamka saa kumi kwenye baridi ya kung'oa masikio, ni mistari ya nyayo aliyoifuata tangu Septemba, na yote imeishia kwenye sekunde tatu. Hata timu yako ya mpira ikikosa penalti dakika ya 90 huambiwi ni mpira tu.

Pili, simu ni kosa lake. Mwambie Anko kasema. Mwindaji anayeweka simu na mtetemo juu ya chuma hana wa kumlaumu, na funguo za gari zinaning'inizwa mlangoni.

Sasa nitakusimulia yangu, umsomee jioni akiwa ameshiba. Wisconsin, msimu wa bunduki, ule wa siku tisa, siku ya tatu. Baridi ilikuwa ya kuganda kope. Mbali huko bondeni nikaona kitu kinatembea, nikazungusha skopu, ile darubini ya bunduki, mpaka mwisho, ikuze mara tisa, nikaangalia, kumbe jike na mtoto wake, nikashusha bunduki nikaendelea na chai yangu ya kwenye chupa. Nikasahau kuirudisha skopu. Baada ya nusu saa nikasikia krashi krashi nyuma yangu nikajua ni kindi tena, maana kindi wa huku mmoja anapiga kelele kwenye majani makavu kama ng'ombe wawili, asubuhi nzima walikuwa wananichezea. Nikageuza shingo polepole. Hatua kumi na tano! Dume, shingo nene kama gunia, mvuke unamtoka puani, amesimama ubavu, ananusa njia aliyopita yule jike. Nikainua bunduki, nikaweka jicho, skopu nzima ni manyoya. Kahawia tupu. Sijui kama ni bega au tako au tumbo, nasogeza kulia manyoya, nasogeza kushoto manyoya, na vidole vimevaa glavu nene natafuta kile kiduara cha kurudisha skopu, nikakizungusha, kikafanya "tik". Tik moja tu. Sijafyatua hata risasi. Nilibaki naangalia mkia mweupe unapepea kwenye misonobari kama leso ya bi harusi anayeaga.

Miaka kumi na moja hiyo. Mke wangu naye alisema "si mnyama tu."

Halafu kuna kitu cha huko kwenu Pennsylvania ambacho nadhani kinamuumiza mumeo zaidi na yeye hajui. Tangu 2002 jimbo lenu limeweka sharti la pembe, sehemu nyingi dume lazima awe na ncha tatu au zaidi upande mmoja ndo upige. Sheria nzuri, madume wadogo wanapata nafasi ya kukua, siipingi. Lakini maana yake mwindaji wa kwenu analazimika kuanza na pembe, ahesabu, moja, mbili, tatu, na akishaanza kuhesabu anaendelea, nne, tano, na mapigo ya moyo yanapanda pamoja na hesabu. Wamarekani wana jina la hali hiyo, homa ya dume. Mikono inatetemeka, pumzi inakata, macho yanaona pembe tu basi, wengine wanasahau kutoa sefti, kile kizuizi cha triga, wanavuta haitoki, wengine wanatoa risasi zote chini bila kufyatua hata moja na wanakuapia wamepiga. Mwambie ahesabu mpaka tatu aache hapohapo. Tatu upande mmoja, imetosha, shuka kwenye bega.

Na wewe mpikie. Akikataa kula nitafute tena.

Jambo mzee. Niko Des Moines, Iowa, ni Mukongomani wa Kivu ya Kusini. Yangu si ya kukosa, ni mbaya kuliko kukosa. Desemba, na shotigani, risasi moja kubwa, yadi kama sabini, dume mkubwa alikuwa anavuka shamba la mahindi yaliyovunwa. Nilipiga akakunja mgongo, akatembea, hakukimbia, akaingia kwa majani ya karibu na kijito. Rafiki zangu wakasema twende twende kabla giza. Tukaenda palepale. Alikuwa amelala, akasimama akaondoka tena mbele yetu, sikupata nafasi ya kumpiga mara ya pili. Damu ilikuwa nyeusinyeusi, na kitu kijani kinanuka. Kwa kijito damu ikaisha. Tulirudi kesho yake na kesho yake, hakuna. Miye ni mtu wa kanisa, na kitu hiki kinanikaa kwa kifua. Nilimuacha akateseka. Utaniambia nini?

Jambo ndugu yangu. Sitakuambia usijali, ungekuwa hujali ningekushauri uuze bunduki.

Wewe mwenyewe umeshaona dalili zote, ila siku ile hukuwa na mtu wa kukusomea. Mgongo kukunjika na kutembea badala ya kuruka: tumbo. Damu nyeusi, uchafu wa kijani, harufu: tumbo. Dia aliyepigwa mapafu damu yake ni nyekundu ya kung'aa, ina mapovu, na mara nyingi anaanguka kabla hajafika mbali, huyo unasubiri nusu saa tu unamfuata. Wa ini damu yake ni nyekundu iliyoiva sana, msubiri masaa manne mpaka sita. Wa tumbo unamsubiri masaa manane mpaka kumi na mawili, yani ukimpiga jioni unaondoka kimyakimya kama mwizi unarudi alfajiri. Sababu ni kwamba wa tumbo akiachwa hana haraka, anatafuta pa kulala karibu, mara nyingi kwenye maji au majani mazito, na anafia palepale alipolala. Ukimwamsha mara moja anaondoka na nguvu zote zilizobaki, damu inakatika maana utumbo unaziba tundu, na hapo ndo mnapoteana. Rafiki zako walikuwa na nia njema. "Twende twende" ndiyo iliyompoteza, zaidi hata ya ile risasi.

Nasema hivyo si kukuongezea mzigo. Nasema sababu sehemu ya kosa lako ina dawa, na dawa yenyewe ni saa. Ukishapiga, kabla hujashuka, tazama saa uiandike. Weka alama aliposimama, weka alama ulipomwona mwisho, mti gani, jiwe gani, maana ukishafika chini kila mti unafanana. Kaa. Kunywa maji. Halafu nenda taratibu mpaka pale aliposimama tu, uangalie damu na manyoya, usivuke hapo mpaka umejua umempiga wapi. Majimbo mengi siku hizi yanaruhusu mbwa wa kufuata damu akiwa amefungwa kamba, kuna watu wanao na wengine hawataki hata malipo zaidi ya mafuta ya gari, tafuta namba ya mmoja kabla ya msimu uiweke kwenye simu. Uliza kwanza sheria ya kwenu. Na damu ikifika uzio wa jirani, gonga mlango wake kabla hujaruka.

Kuhusu kifua. Mi nilimjeruhi mmoja, jike, hana pembe wala nini, mwaka wangu wa pili. Simkumbuki kwa video kama yule dume wa Wisconsin, huyu namkumbuka kwa harufu. Nilichofanya ni kwamba mwaka ule sikupiga tena. Leseni ilikuwa bado ina nafasi, nikaihesabu kwamba imeshatumika. Hakuna sheria iliyonilazimisha, niliona tu nilishachukua wangu. Sijui kama itakufaa na wewe, mi ilinifaa nikalala.

Anko mambo vipi, mi niko Tabata Dar nasoma tu hizi mambo nacheka. Mtu mzima analia sababu ya pembe? Si kuna mbuzi na ng'ombe wana pembe kibao hapa machinjioni Vingunguti, waje wachukue bure.

Cheka tu mdogo wangu, nami nilicheka siku ya kwanza. Lakini hizi si pembe za mbuzi. Mbuzi anazaliwa anaota pembe anakufa nazo. Dia dume pembe zake ni mfupa mtupu, zinadondoka kila mwaka mwishoni mwa baridi halafu anaanza upya kabisa, miezi michache tu anaotesha mti mzima kichwani, mwanzoni zimefunikwa ngozi laini kama mahameli, Septemba anaisugua kwenye miti inatoka. Kila mwaka anatoka na umbo lingine. Kwa hiyo dume uliyemkosa mwaka huu, hata ukimpata mwakani, zile pembe ulizoziona hutazipata tena kichwani mwake. Ndo utamu na ndo uchungu.

Na wanazipima kwa inchi, jumla ya urefu wa shina la kila pembe na wa kila ncha, unene na upana, wanatoa na kasoro za upande na upande. Klabu ya Boone and Crockett, Wamarekani wanaotunza rekodi za wanyama wa kuwindwa, kuingia kwenye kitabu chao cha kudumu kwa pembe za umbo la kawaida za mkia mweupe lazima ufike inchi 170. Rekodi ya dunia ya pembe hizo ni ya Milo Hanson, mkulima wa Saskatchewan kule Kanada, 1993, inchi 213 na 5/8. Na nisikilize hapa wote mliokosa: Hanson mwenyewe amesimulia kwamba siku hiyohiyo mwanzo yeye na wenzake walipiga wakakosa na ile homa ikampanda. Akatulia, wakamfuata yule dume, wakampata.

Aliyeshikilia rekodi kabla yake, James Jordan wa Wisconsin, alipiga dume wake 1914 akampata, lakini aliyepewa kichwa akikaushe akahama nacho. Pembe zikapotea miaka hamsini, zikaja kuonekana 1964 kwenye mauzo ya vitu chakavu huko Minnesota, zimenunuliwa dola 3. Jordan alizitambua lakini ilichukua miaka kuwashawishi wakubwa wa klabu, na 1978 walipokubali rasmi kwamba ni zake mzee alikuwa ameshafariki, muda mfupi tu. Inchi 206 na 1/8. Kuna waliokosa kwa mshale na kuna waliokosa kwa namna hii.

Halafu usijifanye haya mambo hayapo hapo kwetu. Watalii wanaokuja kuwinda nyati Tanzania nao wanapima pembe, na kwa utaratibu wa uwindaji wa kitalii ukimjeruhi mnyama akapotea, umemlipia kama umemuua. Nautamani utaratibu huo ungekuwepo huku.

Anko, nimekosa mara mbili msimu huu. Ninunue skopu ya dola elfu moja?

Hapana. Piga risasi tatu kwenye karatasi kwanza. Zikikaa pamoja katikati, tatizo sio skopu. Zikikaa pamoja pembeni, skopu iligongwa kwenye gari, irekebishe ni bure. Zikitawanyika, angalia skrubu, na kama skrubu zimekaza, tatizo limeshika bunduki.

Mimi tena wa Brooklyn Park. Nimesahau kuuliza, nitajuaje kama yule dume yuko hai bado? Majirani nao wanawinda.

Huyu kaniandikia mara ya pili usiku uleule, saa tisa na robo. Lala, kaka!

Ukishalala, ngoja theluji ianze kuyeyuka, kama katikati ya Machi, urudi pale na ruhusa ya mwenye shamba. Fuata njia zao kutoka wanapolala mpaka wanapokula, angalia upande wa kilima unaopigwa na jua maana baridi ikizidi wanakaa huko, angalia wanaporuka uzio na vijito, ule mtikisiko wa kuruka ndo unaangusha pembe iliyolegea. Tembea polepole, usitafute pembe nzima, tafuta ncha moja nyeupe imechomoza kwenye majani. Ukiokota ya kushoto ina kachipukizi kadogo pale chini karibu na jicho, basi alipita msimu wote mzima, na yuko mahali anaanza kuotesha nyingine. Ya kulia inaweza kuwa maili moja mbele au usiipate kabisa. Na usichelewe mpaka Mei, panya na kindi wanazitafuna.